Nimehamia kijijini, na sasa gari la kale la jirani linaninyima usingizi

MgeniWaShamba aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba ushauri wenu kabla sijafanya jambo ambalo mke wangu ameshalitabiri. Miezi minane iliyopita tulihama mjini tukaja kuishi kijijini, baada ya miaka mingi ya kukaa kwenye ghorofa ambalo eneo langu la kuegesha gari lilikuwa mistari miwili ya rangi nyeupe na namba ya mlango katikati. Huku tuna nyumba, kipande cha ardhi na banda kubwa la bati ambalo mwenye nyumba aliyetutangulia alikuwa akihifadhia trekta. Trekta aliondoka nalo, banda likabaki, na tangu siku ya kwanza nimekuwa nikiingia humo jioni bila sababu yoyote, nikipima kwa hatua urefu na upana wake, kisha nikitoka.

Jirani yetu, mzee mmoja muungwana sana, ana gari aina ya Peugeot 404 la mwaka 1967, ambalo limekaa chini ya turubai la plastiki nyuma ya ghala lake kwa miaka kumi na mmoja. Mwezi uliopita alinifunulia nilione. Upande wa ndani wa turubai ulikuwa umejaa matone ya maji, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa siku nyingi, lakini sikulitilia maanani jambo hilo kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshanasa kwenye yale mapezi mawili ya nyuma na ule mkono mwembamba wa gia unaotokeza kwenye shina la usukani. Aliniruhusu kuketi ndani. Kulikuwa na harufu ya vumbi, ya ngozi bandia iliyokauka, na ya petroli iliyochacha hadi ikanuka kama vanishi. Niliwasha taa za ishara, hazikuwaka, na hata hilo likanipendeza. Mzee yuko tayari kuniuzia, na bei aliyoitaja ni ndogo kuliko nilivyotarajia.

Kutoka nyumbani hadi barabara ya lami ni kilomita 14 za changarawe, na kila asubuhi ya siku za shule ni lazima watoto wapelekwe. Gari tulilo nalo ni dogo la kisasa, na shokabzoba zake zimeanza kulalamika tangu tulipohamia. Wazo langu ni kuliuza hilo dogo, kununua 404, kulitengeneza polepole bandani, na hatimaye kulitumia kama gari letu la kila siku. Naona hoja zipo: halina kompyuta, fundi yeyote anaweza kulielewa, lina nafasi kati ya bodi na ardhi, na ni gari lililojijengea jina kwenye barabara mbaya. Kumbukumbu za mashindano zinaonyesha kwamba lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha likazishinda tena miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1966 hadi 1968.

Je, hoja hizi zina uzito, au ni banda tupu ndilo linalonisemea?

FundiMstaafu alijibu:

Ndugu MgeniWaShamba, nimefanya kazi ya ufundi wa magari kwa miaka thelathini na minane, na 404 nimezifungua nyingi kiasi cha kuweza kuzungumza nazo gizani. Nalipenda gari hilo. Ndiyo maana nitakuwa mkali kidogo.

Nianze na hiyo hoja ya mbio. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakamaliza 7 tu. Watu humsimulia mshindi, lakini yale 77 yaliyobaki matopeni hayana msimulizi. Tena lile lililoshinda lilikuwa jipya, lilikuwa limeandaliwa kwa ajili ya kazi hiyo, na lilikuwa na watu wanaolingoja njiani wakiwa na spana mikononi. Gari la jirani yako lina jina lile lile na umbo lile lile, lakini chuma chake kimeishi maisha mengine kabisa.

Sasa tuje kwenye yale matone uliyoyaona, kwa sababu hayo ndiyo habari kubwa kuliko zote ulizoandika, na umeyapita haraka. Turubai la plastiki lisilopitisha hewa hufungia unyevu unaotoka ardhini. Usiku bati la gari hupoa, unyevu hugeuka matone ya maji juu yake, mchana hupata joto na kupanda tena, na mzunguko huo umeendelea kwa miaka kumi na mmoja. Sedani ya 404 haina chasisi ya kujitegemea, bali sakafu, vizingiti vya chini ya milango na kuta za ndani ndizo zinazobeba kila kitu, hivyo kutu katika sehemu hizo si kasoro ya sura, ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini ili isikwaruze rangi, na uipitishe taratibu kwenye vizingiti, chini ya milango, kuzunguka matao ya magurudumu na kwenye kingo za sakafu ya buti. Pale ambapo sumaku haishiki, chini ya rangi kuna pati, yaani kizibio cha mashimo, si bati. Kisha inua mazulia yote, ulale chini kwa mgongo, na ubonyeze sakafu kwa bisibisi. Fungua mlango wa dereva nusu na uunyanyue kwa mkono: ukicheza juu na chini, chunguza kama ni bawaba zilizochoka au ni nguzo inayozishikilia ndiyo iliyooza. Bawaba ni kazi ya mchana mmoja. Nguzo ni jambo jingine.

Injini isikutishe sana. Ile ya sentimita za ujazo 1,618, iliyolazwa kwa pembe ya digrii 45, ni injini mvumilivu. Hata hivyo, mtu yeyote asikushawishi kuunganisha betri na kupiga stata siku hiyo hiyo ili mwone kama itawaka. Pete za pistoni huenda zimeshikamana na kuta za silinda, na ukizilazimisha unaweza kuzivunja. Toa plagi zote nne, mimina oili kidogo katika kila tundu, iache siku mbili tatu, kisha jaribu kuizungusha injini kwa spana ndefu, kwa mkono wako mwenyewe, ukisikiliza. Ikizunguka kwa upinzani unaolingana pande zote, umepata bahati. Vuta pia kijiti cha oili. Injini hii hutumia laina (mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinazozungukwa na maji moja kwa moja, na zikitiwa maji matupu kwa miaka mingi bila dawa ya kuzuia kutu, mihuri ya chini huachia na maji huingia kwenye oili. Oili yenye rangi ya maziwa ni ishara ya hilo au ya gasketi ya silinda hedi.

Breki usiziamini hata kidogo, hata kama pedali itakuwa ngumu. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na maji hayo hula silinda ndogo za magurudumu kutoka ndani. Badilisha mipira yote, paipu zote za mpira na mafuta yote kabla gari halijatoka bandani kwa nguvu zake lenyewe. Magurudumu nayo yatazame: tairi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2000 huandikwa tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 1409 ni wiki ya 14 ya mwaka 2009. Kina cha mistari hakisemi chochote kuhusu umri wa mpira.

Petroli ya sasa nayo ina mambo yake. Madini ya risasi yamekwisha kuondolewa duniani kote katika petroli ya magari, nchi ya mwisho ikiwa Algeria mwaka 2021, na watu wengi huogopa kwamba injini zote za zamani zitakufa kwa kuikosa. Hofu hiyo ina msingi zaidi kwa injini ambazo viti vya valvu vimechongwa moja kwa moja kwenye hedi ya chuma. Hedi ya 404 ni ya aluminiamu na viti vyake vimepachikwa, kwa hiyo mimi singelipoteza usingizi kwa hilo. Ningelipoteza usingizi kwa paipu za mafuta, kwani ethanoli iliyochanganywa kwenye petroli ya siku hizi hulainisha mipira ya kale, na mpira unaovuja petroli juu ya eksozi ya moto hauhitaji maelezo.

Kuhusu kulifanya gari la kila siku la kupeleka watoto shule: hapana. Linunue ukitaka, lakini usiliuze lile dogo. Shokabzoba nne ni kazi ya siku moja.

KalamuNaKaratasi alijibu:

Ndugu, bei ya kununulia gari la kale ndiyo iliyo ndogo kuliko gharama zote zitakazofuata, nayo ndiyo pekee unayoijua leo. Chukua karatasi. Andika gharama ya kulibeba kwa lori hadi kwako, ya tairi tano, ya mfumo mzima wa breki, ya betri, ya kuchomelea sakafu, ya bima, na ya zana ambazo huna. Kisha andika saa zako, jioni ngapi kwa wiki na kwa miaka mingapi. Wanaouza magari yaliyofunguliwa nusu, yenye injini kwenye sanduku moja na boliti kwenye ndoo nyingine, hawakuwa wajinga walipoanza. Walianza wakiwa na banda na shauku, kama wewe. Kama ukishaandika yote hayo bado unalitaka, basi unalitaka kweli, na hiyo ni sababu halali. Usiiite tu kuwa ni kubana matumizi.

DadaWaLandRover alijibu:

Kaka MgeniWaShamba, nimesoma swali lako nikacheka peke yangu, kwa sababu niliwahi kufanya hasa hicho unachokusudia kufanya, na nimefanya kosa ambalo Mzee Fundi anakukataza. Sisi tulihamia shamba, na mwaka wa pili nikanunua Land Rover Series III na kuuza gari letu la kawaida wiki hiyo hiyo, ili nisije nikarudi nyuma. Nilijisifu kwamba nimefanya utafiti. Nilijua kwamba Series III iliundwa kuanzia 1971 hadi 1985 na kwamba ndiyo ya kwanza katika familia hiyo kuwa na gia zote nne za mbele zinazoingia bila kusaga. Nilijua pia kwamba bodi ni ya aluminiamu, na hapo ndipo nilipodanganyika, maana nilihitimisha kwamba haliwezi kuoza. Bodi ni ya aluminiamu, lakini chasisi ni ya chuma, na pale metali hizo mbili zinapogusana kwenye unyevu, aluminiamu hugeuka unga mweupe. Chasisi yangu ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nene iliyong'aa. Siku fundi alipoigonga kwa nyundo ndogo, kipande kikubwa kama kiganja kilianguka sakafuni, na ndani kulikuwa na udongo mkavu uliojikusanya kwa miaka.

Hata hilo tulilivuka. Lililonishinda ni kulitegemea. Gari la kale likiharibika mjini, unaliacha kando ya barabara na kupanda daladala. Huku kwetu likiharibika kilomita tisa kutoka nyumbani, jioni, huku watoto wawili wamelala kiti cha nyuma, hakuna kitakachopita hadi alfajiri. Nakumbuka usiku mmoja nikishuka mteremko, nikakanyaga breki, na pedali ikawa inazama chini ya mguu wangu taratibu, bila haraka, kama kijiko kinachozama kwenye uji. Silinda ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa imepasua mpira wake. Gari langu lilikuwa na mfumo mmoja tu wa breki kwa magurudumu yote, kwa hiyo lililovuja lilikuwa moja lakini zilizopotea zilikuwa zote nne. Niliingiza gia ya pili, kisha ya kwanza, nikavuta handibreki, na likasimama kwenye nyasi. Watoto hawakuamka. Mimi sikulala hadi kesho yake.

Spea niliyoagiza ilichukua wiki tatu, na ilipofika ilikuwa ya ukubwa mwingine, kwa sababu fundi fulani wa zamani alikuwa amebadilisha ngoma za nyuma kwa zile za modeli nyingine bila kuacha maandishi popote. Hilo lizingatie sana: gari la umri huo si gari la mwaka 1967, ni gari la mwaka 1967 pamoja na maamuzi ya kila aliyelishika tangu hapo. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Hivi vya kwetu vimeundwa mara tano, na watu watano wasiofahamiana.

Na hiyo hoja ya kwamba fundi yeyote ataweza kulielewa, kaka, ilikuwa kweli enzi za baba zetu. Vijana walioko gereji siku hizi ni hodari, lakini wamelelewa na kifaa kinachochomekwa chini ya dashibodi na kuwaambia ugonjwa. Ukimpa distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, yenye platini, yaani swichi yake ndogo ya ndani, na kumwambia arekebishe mwanya uwe milimita 0.4 kwa vibapa vya kupimia, anakutazama kwa heshima na kuuliza kompyuta iko wapi. Ilibidi nijifunze mwenyewe. Leo kabureta yangu naifungua juu ya meza ya jikoni, najua tundu lipi huziba kwanza, na nakiri kwamba ni moja ya mambo machache ninayojivunia maishani.

Mwishowe tulinunua gari dogo la kawaida, lisilo na mvuto wowote, na tangu siku hiyo nimeanza kuipenda Land Rover upya, kwa kuwa haina tena mamlaka ya kunifanya nichelewe.

Ushauri mmoja ambao hakuna aliyeutoa: panya. Banda lako ni zuri kwao pia. Walijenga kiota ndani ya kichujio changu cha hewa na kutafuna waya za taa za nyuma hadi kwenye shaba. Funika mdomo wa eksozi kwa wavu wa chuma, usihifadhi nafaka humo, na boneti iache wazi, kwani panya hawapendi mahali penye mwanga na hewa.

MileaMirefu alijibu:

Kwa heshima kubwa kwa Mzee Fundi na kwa dada aliyetangulia, naomba kutofautiana nao kidogo. Mimi natumia gari la kale kila siku kijijini, mwaka wa saba sasa, na halijanilaza njiani zaidi ya mara mbili. Siri si ushujaa, ni kuchagua umri. Gari langu ni Mercedes-Benz ya familia ya W123, ile iliyoingia sokoni mwaka 1976 na kuundwa hadi 1986, yenye injini ya dizeli. Halina platini wala distribyuta wala plagi za kutoa cheche. Breki zake ni za diski mbele na nyuma, nazo zimegawanywa katika mifumo miwili, hivyo mmoja ukivuja mwingine unabaki. Mikanda ni ile ya pointi tatu, ambayo Volvo ndiyo iliyoanza kuifunga kwenye magari yake mwaka 1959, lakini ilichukua muda mrefu kuenea kwingine. Yaliundwa takriban magari milioni 2.7, kwa hiyo spea hazijawa vito.

Kati ya 404 ya mwaka 1967 na gari kama langu kuna miaka kumi hivi tu, lakini miaka hiyo kumi ndiyo iliyobeba mabadiliko mengi yanayohusu kubaki hai. Ukitaka gari la kale ambalo pia litafanya kazi, tafuta la upande huu wa mstari. Ni kweli kwamba haliendi kasi. Ukipanda mlima na lori likiwa nyuma yako, lori ndilo linaloona aibu kwa niaba yako. Taa zake pia nimelazimika kuziboresha kwa kuweka relei (swichi za kubeba umeme mwingi) ili umeme usipite wote kwenye swichi ya kale, kwa sababu barabara za vijijini hazina nguzo za taa na ng'ombe mweusi haonekani mpaka umemfikia.

Nakiri hata hivyo kwamba hakuna aliyewahi kukosa usingizi kwa ajili ya W123 ya dizeli. Uliyoyaandika kuhusu mapezi na mkono wa gia si maneno ya mtu anayetafuta usafiri.

MgeniWaShamba alirejea:

Ndugu zangu, nawashukuru nyote, na Mzee Fundi nakushukuru kipekee. Nimerudi baada ya siku kumi kwa sababu nilitaka kuja na majibu, si maswali mengine.

Nilikwenda kwa mzee jirani nikiwa na sumaku, bisibisi, tochi na unyenyekevu. Nilimweleza ninachotaka kufanya, naye hakukasirika, bali alileta mkeka ili nisilale kwenye udongo. Kizingiti cha kushoto kilishika sumaku kuanzia mwanzo hadi mwisho. Cha kulia kilishika kwa urefu wa mkono mmoja, kisha sumaku ikateleza na kuanguka, nikairudisha, ikaanguka tena. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba upande huo uligongwa kwenye nguzo ya geti mwaka fulani, na aliyelitengeneza aliahidi kwamba amechomelea. Sakafu upande wa abiria ilipokea bisibisi kama mkate. Kwa upande wa dereva ni nzima. Oili kwenye kijiti ni nyeusi lakini haina maziwa. Tulitia oili kwenye matundu ya plagi siku ya Jumanne, na Ijumaa tukaizungusha injini kwa spana. Mwanzoni ilikataa, kisha ikaachia kwa sauti kama ya mtu anayeguna usingizini, ikazunguka. Sijui nani alifurahi zaidi kati yangu na mzee, ambaye ni wazi kwamba hakuwahi kuthubutu kuijaribu.

Nilifanya pia ile kazi ya karatasi. Jumla yake imezidi mara kadhaa bei aliyoitaja jirani, na nilipomwonyesha mke wangu hakusema kitu, jambo ambalo nililiogopa kuliko angesema. Baadaye aliniuliza kama nitakuwa nafanya kazi hiyo peke yangu bandani kila jioni, au kama binti yetu mkubwa, ambaye ameshaanza kuulizia kabureta ni nini, anaweza kushiriki. Nikamwambia anaweza.

Kwa hiyo uamuzi ni huu. Gari dogo haliuzwi, na shokabzoba mpya zimefungwa juzi. Lile la kale nitalinunua, lakini si sasa: mzee amekubali kuniwekea kwa miezi minne, na bei ameipunguza kwa sababu ya kizingiti bila mimi kuomba. Katika miezi hiyo nitamwaga zege kwenye sakafu ya banda, kwa kuwa kwa sasa ni udongo mtupu, na sitaki kuhamisha unyevu kutoka kwake kuja kwangu. Turubai la plastiki tumeliondoa na kulisimamishia paa la bati lililo wazi pembeni. Nilichobakiwa nacho ni swali dogo: litakapofika, nianzie wapi, na je, kabla ya kulivuta kutoka pale lilipo kuna la kuangalia?

FundiMstaafu alijibu:

Umefanya vizuri kuondoa turubai. Hiyo peke yake imekuongezea miaka ya bati.

Kabla ya kulivuta, linyanyue kwa jeki gurudumu moja moja na ujaribu kuzungusha. Kwa kuwa limekaa muda mrefu, huenda pedi za breki zimegandana na ngoma, na ukilivuta kwa nguvu utaburuza tairi na kuharibu zaidi. Gurudumu likigoma, legeza marekebisho ya breki, gonga ngoma kuzunguka kwa nyundo ya mbao, na uwe na subira. Handibreki ihakikishe imeachia kwenye waya, si kwenye mkono tu. Usilivute kwa kamba. Lipande kwenye lori.

Litakapofika, anza na kuchomelea, na usiguse injini kwanza, hata kama binti anasisitiza. Kabla ya kukata kizingiti kile cha kulia, funga vyuma vya kushikilia kwenye uwazi wa mlango, vinginevyo bodi itajipinda na mlango hautafungika tena. Chomelea kizingiti kwanza, sakafu baadaye.

Na jambo la mwisho, ambalo nimeona watu wakiliharibu mara nyingi. Difu ya 404, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu, si kama za magari mengine: ndani yake kuna skrubu ya chuma inayosukuma gurudumu la meno la shaba nyeusi. Duka lolote litakupa oili ya kawaida ya difu yenye viungo vya salfa vya kuhimili shinikizo kubwa, na muuzaji atakuapia kwamba ndiyo bora zaidi. Viungo hivyo hushambulia shaba nyeusi. Soma kitabu cha gari lenyewe, weka oili kinayoitaja au inayolingana nayo, na uandike kwa rangi nyeupe chini ya boneti ni ipi, ili atakayelishika baada yako asiokote chupa ya kwanza atakayoiona. Gurudumu hilo likiisha meno, utalitafuta kwa muda mrefu kuliko ulivyolitafuta gari.

Binti mpe kazi ya plagi na kabureta. Mikono midogo hufika mahali ambapo yetu haifiki.